Habari za Utumwa Tuwaambie Watoto Wetu

Atokaye Mji wa Kale akapanda matatu ya Kisauni na kuvuka daraja la Nyali, hakawii kumsikia utingo akiita: "Kengeleni! Kengeleni kuna wa kushuka?" Watu hushuka, wengine hupanda, na safari ikaendelea. Lakini waulize abiria hao ni kengele gani iliyopapa mahali pale jina lake, na utaona wanavyotazamana. Mmoja atakwambia ni ya kanisa, mwengine atasema ni ya skuli, na wa tatu atakucheka kwa kuwa huna la maana la kuuliza asubuhi yote hiyo. Na kengele yenyewe iko pale pale kando ya barabara, magari yaipita usiku na mchana.

Ni kengele ya Frere Town. Kijiji hicho kilianzishwa na wamishonari wa Kiingereza mwaka 1875, ili wawekwe hapo watu waliotolewa na manuwari za Kiingereza katika majahazi ya watumwa. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyekuja Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Seyyid Barghash, na mwaka huo huo Seyyid akatia mkono mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Yasimuliwa kwamba kengele ile ilikuwa ikilizwa kuwaonya wanakijiji kila hatari ilipoonekana yaja. Sasa msomaji ajiulize: hatari hiyo ilikuwa ikitoka wapi? Katika mwaka 1880 wakazi wa Frere Town walikaa katika hofu kubwa, kwani zilienea habari kwamba wenye watumwa wa Mombasa watavuka maji kuja kukivamia kijiji. Wenye watumwa wa Mombasa ni nani? Hawakuwa Wareno, maana Wareno walikuwa wameshaondoka zamani. Hawakuwa Waingereza. Walikuwa watu wa upande huu wa maji, wa Ndia Kuu na Kibokoni na mitaa mingine tunayoishi mimi na wewe.

Haya ndiyo tusiyopenda kuwaambia watoto wetu, na leo ndiyo tunayotaka kuyazungumza katika ukurasa huu.

Siku si nyingi zilizopita alinijia mwalimu mmoja wa hapa mjini, kijana mwenye adabu na elimu, akanisimulia jambo lililomkera. Aliwapeleka wanafunzi wake Ngomeni. Akawaeleza yote kwa ufasaha: jinsi Wareno walivyoanza kuijenga Ngome mwaka 1593, jinsi ilivyozingirwa na Waomani kuanzia mwaka 1696, wakakaa karibu miaka mitatu mpaka ikaanguka Disemba 1698, habari za Mazrui na ushujaa wao, na jinsi Waingereza walivyoigeuza jela kuanzia mwaka 1895 hadi mwaka 1958. Watoto wakasikiliza vizuri. Kisha msichana mmoja akainua mkono akauliza: "Mwalimu, na wale watumwa walikuwa wa nani?"

Mwalimu akamjibu: "Hayo mtayasoma mbele."

"Hayamo mbele, wala hayamo nyuma," aliniambia. "Niliwatazama wale watoto nikaona wawili ni wa kutoka Frere Town, na watatu majina yao ni ya nyumba kubwa za hapa mjini. Nikaogopa. Nikasema nikifungua mdomo hapa, kesho wazazi wako mlangoni."

Sisi hatumlaumu mwalimu huyo. Laiti angekuwa yeye peke yake, tungelimkosoa na mambo yakesha. Lakini hofu yake ni hofu yetu sote, na ina sababu zake. Si haki kumcheka mwenye hofu kabla ya kujua alitishwa na nini.

Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Unguja ilipinduliwa, na katika siku zilizofuata watu wengi waliuawa, wengine wakanyang'anywa mali, wengine wakatiwa vyombo vya bahari wakafukuzwa, na katika hao wako ambao hawakuwa na kosa jingine ila nasaba zao. Habari za utumwa zilitumiwa kama kuni za kuchochea moto ule. Baadhi ya waliosalimika walikimbilia hapa Mombasa, na wenyeji wa umri wangu tumekua tukiwasikia wakisimulia kwa sauti ya chini. Mtu aliyepitikiwa na hayo, ukimwambia leo, "Tuzungumze habari za utumwa," yeye hasikii somo la historia. Asikia mlango unavunjwa.

Sababu ya pili ni ya kitabuni. Wazee wetu waliokwenda skuli zama za Mwingereza walisomeshwa kitabu cha *Uhuru wa Watumwa*, kilichotungwa na James Mbotela wa Frere Town na kuchapishwa mwaka 1934. Mbotela alikuwa ni mwana wa hao waliokombolewa, na aliyoyaandika aliyapokea kwa waliokuwamo. Hakutunga uwongo kwamba watu walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakauzwa. Lakini katika kitabu chake mwovu ni Mwarabu na mwema ni Mwingereza, basi. Mtoto wa Kiislamu wa pwani alikaa darasani akisomewa kitabu hicho na wenziwe wakimgeukia kumtazama. Alirudi nyumbani akiwa na uchungu, na nyumbani akaambiwa, "Waache, ni maneno ya makafiri." Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia lipi la kweli na lipi limepunguzwa. Uchungu ule ukabaki uchungu, haukuwa elimu.

Twakubali basi kwamba historia hii imetumiwa vibaya, tena mara nyingi. Lakini je, dawa ya kitabu kinachosema nusu ni kunyamaza? Sisi twaona kinyume cha hayo. Tulivyonyamaza ndivyo tulivyowaachia wengine kalamu. Mtoto wa leo ana simu mkononi. Atasikia habari za utumwa kwa mtu asiyemjua, aliye London au Nairobi, mwenye chuki au mwenye kutafuta umaarufu, na atakapokuja kutuuliza, sisi tutakuwa tumeshapoteza haki ya kusadikiwa.

Kuna jawabu moja ambalo hutolewa barazani kila yanapotajwa mambo haya, nalo ni hili: "Utumwa wetu ulikuwa mwepesi. Mtumwa alikuwa kama mtoto wa nyumbani. Haukuwa kama wa Marekani." Nimelisikia tangu utotoni, na mimi mwenyewe nimelisema zamani katika majlisi ya watu. Lina chembe ya kweli ndani yake. Sheria ilimpa mtumwa baadhi ya haki. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru, akarithi pamoja na nduguze, na wako wakubwa wa pwani hii waliozaliwa na masuria na hakuna aliyewavunjia heshima. Watumwa waliachwa huru kwa kafara, kwa nadhiri na kwa wosia. Mengi ya hayo mtu wa Virginia hakuyajua.

Lakini ikiwa ulikuwa mwepesi, kwa nini walikimbia?

Rabai si mbali, waweza kwenda na kurudi baina ya sala ya adhuhuri na ya magharibi. Huko ndiko alikokaa Krapf na Rebmann tangu miaka ya 1840, na ndiko walikorudi baadhi ya Waafrika waliokombolewa baharini wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik karibu na Bombay, kisha wakaletwa pwani kuanzia miaka ya 1860. Mmoja wao, William Jones, ndiye aliyekuwa akiiangalia Rabai katika miaka ya 1880. Watoro walimwendea mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi, kutoka mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi. Wengine walikwenda Fuladoyo, huko bara nyuma ya Kilifi, wengine wakatafuta hifadhi kwa Sultani Ahmed wa Witu. Mwaka 1888 wenye watumwa wakaja juu, wakataka watu wao, na ikakaribia vita. Hapo ndipo Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipoona bora alipe fedha kuliko kumwaga damu. Tarehe 1 Januari 1889 zilitolewa hati za uhuru kwa watu zaidi ya 1,400 waliokutwa huko.

Watu 1,400 na zaidi! Na hao ni wale waliofika na wakahesabiwa. Waliokamatwa njiani, na waliokula simba katika nyika, hawamo. Mtu haachi nyumba aliyozoea akaingia mwituni na mwanawe mgongoni kwa sababu ya wepesi. Tukitaka kujua utumwa ulikuwaje, wa kuulizwa kwanza ni mtumwa, si bwana wake, na mtumwa alishajibu kwa miguu.

Tena niruhusiwe nitoke nje kidogo. Kila asubuhi mwalimu wa skuli hufungua daftari lake akaita majina, na asiyekuwapo bila ruhusa humwandika "mtoro". Neno hilo watoto wetu walisikia siku tano katika juma. Hakuna anayewaambia kwamba watoro walikuwa ni watu, walikuwa na vijiji, walilima, walikuwa na wakubwa wao, wakapigana kuilinda roho yao. Lugha yetu imejaa hazina za namna hii. Twamsifu mtu kwa kumwita muungwana, tukikusudia mwenye tabia njema. Asili yake muungwana ni aliyezaliwa huru, na maana yake ni kwamba wazee wetu waliona tabia njema haiwezi kukaa kwa asiyekuwa huru. Twamtukana mtu kwa kumwita mjinga. Zamani mjinga alikuwa ni mtumwa aliyefika karibuni kutoka bara, ambaye hajajua lugha wala mila za pwani, na aliyezaliwa hapa akaitwa mzalia. Na yule anayeamka alfajiri kutafuta kibarua bandarini, hajui kwamba kibarua ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mtumwa wa kukodishwa ili ijulikane kazi aliyoifanya, ambayo ujira wake aliugawa na bwana wake. Sisi washairi twajifaharisha kwamba Kiswahili hakipotezi kitu. Ni kweli hakikupoteza. Yote kimeyaweka, ila sisi tunaosema ndio tumejifanya viziwi.

Tuje katika dini, maana ndipo wengi wanapojificha. Husemwa kwamba kuzungumza haya ni kuutia doa Uislamu. Mimi nilisoma chuoni kwa mwalimu mwenye bakora ndefu na moyo mwema, na nakumbuka alivyotufasiria Sura ya Al-Balad, pale inapotajwa njia ya mlima iliyo nzito kupandwa, na kitu cha kwanza kilichotajwa katika kuipanda ni kuiacha huru shingo ya mtumwa. Katika Sura ya At-Tawba fungu la zaka limetengwa kwa ajili hiyo hiyo. Katika Sura ya An-Nur waumini wameamrishwa kuwaandikia hati watumwa wanaotaka kujikomboa, na kuwasaidia kwa mali. Yote haya tuliyahifadhi kwa moyo, na milango ya uhuru tukaihesabu kwa vidole. Lakini hatukuambiwa mkabala wake: kwamba katika mashamba ya babu zetu, watu wengi walikufa wakiingoja milango hiyo ifunguliwe.

Tena kuna jambo zito zaidi. Fikihi yetu haikuruhusu mtu huru kutekwa njiani akauzwa. Mtume wetu (s.a.w.) amemtaja mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake kuwa ni katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Sasa wale Wayao na Wanyasa na Wamakua walioteremshwa Kilwa, walitekwa katika jihadi gani? Na watoto wa Kimijikenda waliowekwa rehani kwa pishi za mtama katika njaa ya miaka ya 1880, ambao wazazi wao walikuja kuwakomboa wakakuta wameshavushwa, hao nao waliuzwa kwa fat'wa ya nani? Mwenye kuitakia heri dini yake atalisema hili waziwazi: kwamba waliyoyafanya baadhi ya wazee wetu waliyafanya kinyume cha dini, wakiyavisha joho la dini. Doa liko katika kulificha joho hilo. Na katika Sura ya An-Nisaa tumeamrishwa kuwa mashahidi wa haki hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, au juu ya wazazi na jamaa zetu. Sijui wanaoogopa kuwaeleza watoto habari za babu zao huipitaje aya hiyo wanapoifikia.

Hili si jambo geni katika mji huu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa magazeti yake hapa Mombasa, *Sahifa* mwaka 1930 na *al-Islah* mwaka 1932, na kazi kubwa ya magazeti hayo ilikuwa ni kuwakosoa Waislamu wa pwani wenyewe. Hakungoja adui aje amwambie kasoro za nyumba yake. Aliandika pia tarehe ya ukoo wake wa Mazrui. Na mwanawe, Profesa Ali Mazrui, mwaka 1992 aliteuliwa katika jopo la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la kudai fidia kwa ajili ya utumwa. Profesa huyo alifariki mwaka 2014, na kaburi lake liko katika makaburi ya ukoo wao, mkabala na Ngome. Kama watu wa nyumba hiyo waliweza kulitazama jambo hili bila kufumba macho, sisi wengine twaogopa kupoteza nini?

Kusema kweli si kubeba na mizigo ya wengine. Mtoto atakayefundishwa kwa haki afundishwe pia kwamba mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa visiwa vya Ufaransa. Aambiwe kwamba pembe za ndovu zilizobebwa mabegani na watu wale ziliishia kuwa vinanda katika nyumba za Ulaya na Marekani, na kwamba merikani iliyonunuliwa nayo ilifumwa huko huko. Waingereza walipoufuta utumwa katika makoloni yao mwaka 1833 walitenga pauni milioni 20, na zote zikaenda kwa mabwana. Hapa kwetu walifanya vivyo hivyo: sheria ya kufuta utumwa ilipotoka mwaka 1907, fidia ilikuwa ya mwenye mtumwa. Mtumwa mwenyewe hakupewa hata jembe. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi, kila mwenye kudai shamba alete ushahidi, na aliyekuwa hana karatasi akabaki akilima ardhi asiyoweza kuiita yake. Wajukuu wao ndio leo wanaoitwa maskwota, na siku ya kubomolewa vibanda vyao gazeti huandika kana kwamba walianguka kutoka mbinguni jana.

Na huko huko Frere Town kwenyewe, mtoto wa kule naye asifichwe. Mkuu wa kijiji aliyeitwa Streeter aliwachapa viboko waliokombolewa hata habari zikafika Uingereza, na mwaka 1881 ikabidi aondolewe. Walitoka katika mnyororo wakakutana na kiboko cha mtu mwengine. Hayo Mbotela hakuyatilia mkazo.

Tuwe waangalifu lakini. Kutaja makosa ya Wazungu kusiwe ni shuka ya kujifunikia. Nimewasikia vijana wetu wakiulizwa habari za utumwa wa pwani, mara moja huruka mpaka Liverpool, wasirudi tena.

Kuna na udhia mwengine mdogo, lakini sharti niutaje. Baadhi ya watembezi wa watalii huonyesha kila shimo na kila chumba cha giza wakasema, "Hapa walifungwa watumwa," hata pahali ambapo palikuwa ni ghala la samli. Mtalii hutoa fedha zaidi akiogopa. Uwongo huo nao wawadhulumu waliofungwa kweli, maana atakayegundua shimo moja la uwongo atayakanya na ya kweli.

Nimesema mengi ya wengine, sasa niseme ya kwetu. Katika miaka ya 1970, nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu alikuwako mama mmoja mzee. Ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenifundisha majina ya samaki na ya pepo za bahari. Sote tukimpenda, na naapa kwamba hakuna aliyempandishia sauti. Lakini alikuwa akila baada ya watu wote kula, na siku za arusi alikaa karibu na jiko. Siku moja nikamuuliza nyanya yangu, "Huyu ni nani wetu?" Nikapigwa kofi la mdomo. Nyanya yangu hakuwa mtu wa kupiga. Ndilo kofi lake pekee ninalolikumbuka. Mama yule alipofariki alizikwa kwa heshima, khitma ikasomwa, na waliokuja kutoa mkono wa tanzia waliambiwa, "Alikuwa mtu wetu." Neno hilo limenikaa moyoni zaidi ya miaka arobaini.

Marehemu baba yangu alipotutoka tulifungua kasha lake, tukakuta hati ya shamba la ng'ambo, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mkono mzuri sana. Imetaja minazi, imetaja kisima, imetaja mipaka minne, kisha imetaja watu watatu. Mwenye kuuza ametajwa kwa baba na babu yake, mwenye kununua vivyo hivyo, na mashahidi pia. Wale watatu wametajwa kwa jina moja moja tu, bila ya "bin" wala "binti". Ndugu yangu mmoja akasema tuirudishe ndani tufunge. Tulibishana mpaka usiku. Mwisho tuliinakili, na wanangu wameisoma. Hakuna aliyeanguka, wala hakuna aliyewachukia babu zake.

Wako waliotutangulia katika kuyasema haya. Katika miaka ya 1970 Margaret Strobel na Sarah Mirza waliwahoji akina mama wa Mombasa, na mwaka 1991 maneno yao yakatoka kwa Kiswahili katika kitabu cha *Wanawake Watatu wa Kiswahili*. Mmoja wao, Bi Kaje, ametoka katika ukoo uliokuwa na watumwa. Mwengine, Bi Mishi, ametoka katika kizazi cha waliokuwa watumwa. Wote wawili ni Waislamu, wote wa mji huu, wote wamesema kwa ulimi wao, kila mmoja alivyoyaona. Kitabu hicho kilichapishwa Marekani. Ningependa kujua ni skuli ngapi za kisiwa hiki zilizo nacho.

Basi twataka nini? Mwalimu apelekaye watoto Ngomeni asiishie Ngomeni. Gari lile lile liwavushe Nyali, wasimame Kengeleni, kisha liwapeleke Rabai, ambako makumbusho yapo na wajukuu wa watoro wapo. Darasani wapewe Mbotela wamsome, wapewe na Bi Kaje na Bi Mishi, waulizwe mmoja ameona nini ambacho mwengine hakukiona. Mtoto wa Kibokoni asisimamishwe mbele ya wenziwe ajibu dhambi za watu waliokufa kabla ya babu yake kuzaliwa, wala mtoto wa Frere Town asichekwe. Anayetumia neno "mtumwa" kumtusi mwenziwe uwanjani aadhibiwe kama anavyoadhibiwa mwizi. Na walimu wetu wa vyuoni, ambao mimi ni mwanafunzi wao, wanapofika Al-Balad wasiishie kwenye tafsiri ya maneno. Wawaeleze watoto kwamba shingo zilizotajwa pale zilikuwako Kisauni na Changamwe na Malindi, na wawaambie ni nani aliyeziachilia na ni nani asiyeziachilia.

Wazazi watakaokwenda kumlalamikia mwalimu mlangoni, kwanza wafungue makasha yao. Najua zimo hati nyingi katika nyumba za mji huu, za mashamba, za wosia, za kuacha huru, nyengine zimeliwa na mchwa nusu. Wasioweza kuzisoma herufi zile, wako wazee wachache waliobaki wanaoziweza, na mimi ni mmoja wa wanafunzi wao. Baada ya sala ya ijumaa huwa nakaa barazani mpaka alasiri. Yule mwalimu ameahidi kuja na daftari, na yule msichana aliyeuliza swali atakuja naye.